Hesabu Gani Asome Kijana Wetu Chuo Kikuu?



Tunapenda kuzungumzia jambo lililotufika hapa madrasani. Kijana wetu mmoja, aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM, alitujia na orodha ya vyuo mkononi. Anataka kutumia hesabu katika mambo ya fedha. Baba yake hataki hata kusikia, anasema huko ni riba tupu. Ami yake anamwambia achukue shahada yoyote yenye neno "fedha" apate kazi haraka.

Sisi tunaona wote wawili wamekosea, na ami amekosea zaidi. Shahada yenye jina zuri huweza kumfunga kijana kwenye kazi ya aina moja. Kazi hiyo ikiwa ya riba, atatokaje? Lakini aliyeshika uwezekano, takwimu, kalkulasi, matriki na kuandika programu za kompyuta, akiona mlango huu ni wa haramu hugeukia mwingine: takaful, mifuko ya pensheni, idara za takwimu, hata ualimu. Masomo ya fedha yenyewe yasubiri mwaka wa tatu. Wala asiyakimbie masomo ya kuthibitisha kanuni kwa kuwa hayataji shilingi, maana huko ndiko mtu hujua kanuni inafanya kazi wapi na inakwama wapi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina pia shahada ya aktuari, yaani hesabu za bima na pensheni.

Hofu ya baba ina msingi. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walitoa kanuni ya kukadiria bei ya haki ya kununua au kuuza mali siku za mbele. Mwaka 1992 Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah likaamua kuwa biashara ya haki hizo, kama inavyofanywa katika masoko ya dunia, haijuzu. Kilichohukumiwa ni mkataba. Je, masheikh wetu wataelezwa na nani kilichomo ndani ya mikataba kama hiyo, ikiwa hatuna hata mmoja awezaye kuisoma?

Tena hesabu si mgeni kwetu. Al-Khwarizmi, katika karne ya 9, alijaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha al-jabr kwa mas'ala ya wasia na mirathi. Darasani kwetu tulipofika Minbariyya (mke, mabinti wawili, baba na mama), asili ya 24 ikapanda hadi 27, thumni ya mke ikawa moja ya tisa. Kijana huyu ndiye aliyeiona kwanza, kabla hatujamaliza kuandika ubaoni.

Maombi ya chuo bado hayajatumwa. Baba amekubali kuja Ijumaa baada ya Alasiri, na tumemwambia kijana aje na daftari lake la mirathi.