Jirani Yako Anaitwa Nani?

Mama mpenzi, siku moja kliniki niliita, "Yule Mmang'ati, lete kadi ya mtoto!" Mama yule akambeba mtoto mgongoni, akaanza kuondoka kabla ya chanjo. Nilimkimbilia, nikamwomba radhi.

Mang'ati ni neno la Kimaasai, maana yake adui. Wenyewe ni Wadatoga. Hapa Hanang wengi wao ni Wabarabaig. Wazee wetu Wairaqw walilitamka kama jina la kawaida, nasi tukarithi bila kuuliza. Leo wengi wao huliona tusi.

Alirudi, mtoto akachanjwa. Je, asingerudi?

Mama, watoto hujifunza kwetu. Tukimwita jirani adui tukiwa jikoni, watampendaje shuleni? Muulize jina lake, umwite hilo.