SAA ZETU NA SAA ZA KOMPYUTA

Wako wenzetu wasemao kwamba, maadam sasa twajifunza kompyuta, yatupasa kuacha kuhesabu saa kwa Kiswahili. Mimi sikubaliani nao.

Iko programu iitwayo kroni, iliyokuwamo katika Unix ya mwaka 1979 huko Marekani, na hata leo yatumika. Kazi yake ni kuanzisha kazi zinazorudiwa. Huandikiwa alama tano katika mstari mmoja: dakika, saa, tarehe, mwezi na siku ya juma. Nyota maana yake ni "kila". Basi 0 5 * * * ni saa kumi na moja alfajiri kila siku, na 0 5 7 7 * ni saa hiyo hiyo siku ya Saba Saba tu.

Tuseme pampu ya maji ya shule yawashwa hivyo. Aliyeambiwa "saa kumi na moja" akiandika 11, pampu itaanza saa tano asubuhi. Hapa Shinyanga wakati wa kiangazi, watu wataamka na kukuta tangi tupu. Kompyuta haitamwonya, kwa kuwa 11 kwake ni saa halali. Siku nazo ni vivyo hivyo: sisi twaanza kuhesabu kwa Jumamosi, kroni huipa Jumapili 0. Jumatano kwake ni 3; ukiandika 5 umesema Ijumaa. Tena kompyuta ikiwa yafuata saa za Greenwich, ile 5 ya alfajiri yapasa kuwa 2.

Je, kosa ni la saa zetu? Hata kidogo. Mkulima wa pamba na mchimbaji wa Geita aingiaye zamu huzielewa bila kufafanuliwa. Hata Mwingereza hunaswa: 0 5 1 * 3 hudhani ni Jumatano iliyo tarehe mosi, kumbe ni kila tarehe mosi na kila Jumatano pia. Kosa ni kunakili alama pasipo kuzisoma.

Kwa hiyo nashauri hivi. Mtu aandike kwanza ratiba kwa maneno, kisha kwa alama. Halafu mwenzake, asiyeyaona maneno yale, azisome alama na kuzirudisha katika Kiswahili. Zikilingana, kazi ianze.

Mwenye maoni mengine na ayalete katika toleo lijalo.