13 × 4 Si 52: Tufundishe Kusoma Uwezo wa Soketi

Somo la umeme katika shule za msingi aghalabu huanza kwa fasili: volti ni nini, ampea ni nini, wati ni nini. Wanafunzi hukariri, hujibu mtihani, kisha hurudi nyumbani na kuchomeka birika, pasi na jiko katika ekstensheni moja. Kwa maoni yangu, mwalimu mtarajiwa hana budi kuugeuza mpango huo: aanze na namba iliyoandikwa kwenye kifaa, ndipo afikie fasili.

Soketi ya matundu matatu bapa tunayoitumia Tanzania ni ya ampea 13. Asili yake ni Uingereza, ambako kanuni zake zilitolewa mwaka 1947. Namba hiyo haielezi kiasi cha umeme ambacho soketi hutoa, bali kikomo cha mkondo ambao soketi yaweza kuustahimili. Kifaa ndicho kinachovuta mkondo kwa kadiri ya haja yake.

Tuchukue mfano wa mgahawa wa Kirumba wenye ekstensheni ya matundu manne. Mwanafunzi atasema 13 × 4 = 52. Kuzidisha kwake hakuna dosari. Lakini plagi inayoingia ukutani ni moja tu, nayo ni ya ampea 13. Sasa agawanye wati kwa volti 230. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7, na jiko dogo la wati 2,000 huvuta kiasi hicho hicho. Kila kimoja peke yake ki halali; kwa pamoja ni ampea 17.4. Fyuzi ya plagi yaweza kuchelewa kukatika kwa mzigo huo, na muda wote huo plagi inazidi kupata joto.

Katika majengo ya biashara jambo hili hupanuka. Soketi kadhaa za ukutani huungwa katika njia moja ya waya, na njia hiyo hulindwa na swichi inayojikata yenyewe, kwa mfano ya ampea 20. Hapo pia zile 13 hazijumlishwi. Swichi hiyo huchaguliwa kwa kufuata uwezo wa waya. Mwenye duka akichoshwa na kukatika kwake, akaweka ya ampea 32 bila kubadili waya, waya ndio utakaoungua ndani ya ukuta. Ndiyo sababu mafundi huupa mtambo mzito njia yake peke yake.

Mtoto wa pwani ya Ziwa Victoria si mgeni wa fikra hii. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara mwaka 2018, kiliruhusiwa kubeba watu 101, nacho kilibeba zaidi ya maradufu. Kuongeza viti hakuongezi uwezo wa chombo. Vivyo hivyo kuongeza matundu hakuongezi uwezo wa waya.

Napendekeza hatua tatu. Kwanza, mwalimu alete darasani plagi na ekstensheni zisizounganishwa na umeme, na wanafunzi wasome maandishi yake. Pili, wanafunzi wanakili wati za vifaa vya nyumbani au dukani kwa msaada wa mtu mzima, bila kufungua wala kuchomoa chochote. Tatu, wagawanye, wajumlishe, kisha wajadiliane: ni kifaa kipi kiondolewe, na kwa nini? Swali hili la mwisho ndilo kiini cha somo, kwa kuwa linamdai mwanafunzi afanye uamuzi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya fundi. Naam, kufunga waya ni kazi ya fundi. Lakini fundi akishaondoka, anayechomeka vifaa kila siku ni mama, baba na mtoto. Shule isiyo na umeme nayo haina udhuru: namba husomeka hata gizani kwa mwanga wa kibatari, na kugawanya hakuhitaji nguzo mlangoni.