MPAKA USIINGIE DARASANI





Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasekese. Juzi nilipokuwa nikifundisha ramani, mtoto mmoja aliitwa na wenzake "mkimbizi", akalia. Wazazi wake walizaliwa Mishamo, naye ni raia kama wao.

Mipaka hii aliichora nani? Mwaka 1879 Wabelgiji wa Mfalme Leopold walijenga ngome Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1885, mabeberu walipokwisha kugawana Afrika, upande huu ukawa wa Wajerumani. Wabelgiji wakawaachia mapadri ngome yao. Wangegawana vingine, leo labda tungeitwa Wakongo!

Hata hivyo, mwaka 1964 huko Cairo, kwa hoja ya Mwalimu Nyerere, nchi za OAU zilikubaliana kuiheshimu mipaka hiyo ili kuepuka vita. Lakini kuheshimu mpaka si kubagua watu. Mashariki mwa Kongo, ambako Goma ilitekwa Januari 2025, swali la nani mwenyeji na nani mgeni limemwaga damu nyingi.

Sisi tulichagua njia nyingine. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Ulyankulu na Mishamo, na mwaka 2014 watu kiasi cha 162,000, wao na watoto wao, walikubaliwa kuwa raia.

Walimu wenzangu na wazazi, tulikomeshe neno hilo. Mpaka ubaki ziwani, usipite kati ya madawati.

Mwalimu,
Kasekese, Katavi.