Mafunzo ya picha za bidhaa yaletwe Nzuguni

Ndugu Mhariri,

Natoa maoni yangu juu ya jambo ambalo naona limesahauliwa na wale wanaowafundisha wajasiriamali wadogo hapa Dodoma. Jambo lenyewe ni upigaji wa picha za vitu visivyotembea wala kucheka: chupa ya mafuta, kopo la asali, kichala cha zabibu, chungu cha udongo.

Mimi ni mpiga picha hapa Nzuguni. Kwa miaka mingi nimeishi kwa picha za pasipoti, harusi na vipaimara. Simu zenye kamera zilipoenea wateja wakapungua, nami sikumlaumu mtu, kwani hata fundi viatu hupambana na ndala. Lakini lipo kosa moja nililolifanya ambalo mpaka leo linanisumbua, na ndilo linalonifanya niandike.

Mwaka 2022 mama mmoja jirani yangu, ambaye pamoja na wenzake hukamua mafuta ya alizeti, aliniomba nimpigie picha ya chupa zake ili ampelekee mnunuzi wa Dar es Salaam kwa simu. Nilizipanga chupa uani saa saba mchana, nyuma yake ukuta wa matofali ya kuchoma, nikabonyeza, nikapokea ujira wangu, nikaenda zangu. Siku ya pili mnunuzi akajibu kwamba yeye hanunui mafuta machafu. Ndugu Mhariri, mafuta yale yalikuwa safi kabisa, hata nyumbani kwangu tulikuwa tukiyapikia. Akina mama wale waliishia kuyauza kwa bei ya kutupa, na hawakujua kuwa mkosaji ni mimi. Nilikwenda kuwaeleza baada ya miezi kadhaa, nilipokwisha kuelewa mwenyewe nilikosea wapi.

Kwanza nilitafuta mafunzo. Nikalipa ada katika semina moja ya siku mbili ambayo sitaitaja. Mkufunzi alikuja na taa mbili za studio zenye miavuli, akatutajia majina na namba nyingi, kila mmoja wetu akapiga picha moja ya mwenzake aliyekaa juu ya stuli, kisha taa zikarudishwa sandukuni. Hakuna aliyetuuliza kama tunazo taa za namna ile. Nilipouliza habari ya chupa nikajibiwa kwamba hilo ni somo la waliokwisha endelea. Je, mtu anayeuza mafuta lita moja moja ataendelea lini?

Basi nikajifunza chumbani kwangu, kwa meza, dirisha na shuka jeupe. Niliyoyapata nayaeleza hapa, maana huenda yakamfaa msomaji mwenye bidhaa.

Kitu kinachopenya nuru hakionyeshi rangi yake tu, bali huonyesha pia kilichoko nyuma yake. Mafuta yangu yalikuwa meusi kwa sababu nyuma yake palikuwa na ukuta mweusimweusi, na jua la utosini halikupita ndani ya chupa. Chupa hiyo hiyo ukiiweka mbele ya dirisha lililotandazwa shuka jeupe, nuru hutokea nyuma na mafuta huwaka kama dhahabu. Wala hukuongeza kitu. Kisha ukisimamisha vipande viwili vya karatasi nyeusi ya manila, kimoja kulia na kingine kushoto, nje kidogo ya picha, kingo za chupa huchorwa kwa mstari mweusi, na chupa haipotei katika weupe.

Chupa ya divai ni kinyume chake. Kioo chake ni cheusi, nacho ni kama kioo cha kujitazamia: kila kilichoko chumbani huonekana humo, pamoja na mpiga picha na shati lake. Hapo nuru ipite ubavuni, kwa karatasi nyeupe ndefu iliyosimamishwa kando, ili mstari mmoja mweupe ushuke kutoka shingoni hadi kitakoni. Flashi ya kamera ikielekezwa moja kwa moja huacha doa jeupe tu katikati ya lebo.

Na zabibu zetu za Dodoma, tafadhali zisifutwe! Ule unga mweupe juu ya ganda ni nta ya tunda lenyewe. Nilizisugua kwa kitambaa mpaka ziking'aa, nikafikiri nimefanya kazi nzuri, kumbe nilikuwa nimeondoa upya wake, picha ikaonekana kama ya gololi.

Juu ya dirisha nina neno. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya husifu dirisha linalotazama kaskazini. Hapa kwetu, mwezi wa Agosti jua la mchana liko upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini ndilo lenye nuru tulivu. Ikifika Desemba mambo hugeuka. Nilipoteza majuma mawili kwa kukifuata kitabu. Asiye na dirisha atumie balbu, lakini asichanganye balbu ya manjano na nuru ya mchana, maana upande mmoja wa chupa utakuwa na homa ya manjano. Tena ajue kuwa akiisogeza balbu kutoka mita 1 hadi mita 2, nuru inayofika haibaki nusu, hubaki robo.

Somo hili si la juzi. Mfaransa Daguerre mwaka 1837 alipiga picha ya sanamu za plasta na vitu vingine alivyovipanga, kwa kuwa kamera za siku zile zilihitaji dakika nyingi na sanamu haipepesi macho. Huku kwetu ufundi wa nuru ulipokewa mkono kwa mkono ndani ya studio. Marehemu Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, alifanya kazi kwanza katika studio ya Gomes. Kijana alifagia, akabeba taa, akaona. Sasa studio za namna hiyo zimepungua sana, na kijana mwenye simu hana wa kumbebea taa.

Kwa hiyo nashauri hivi. Kila Agosti viwanja vya Nane Nane vya hapa Nzuguni hujaa watu, na mwaka 2024 na 2025 maonyesho ya kitaifa yenyewe yalifanyika hapa. Wajasiriamali hufundishwa habari ya vifungashio, lebo na alama ya ubora. Ni vizuri sana. Lakini wengi wao siku hizi huuza kwa simu, na mnunuzi wa mbali huiona picha kabla ya kuiona lebo. Waandaaji watenge banda moja lenye uwazi upande wa kusini, meza mbili, shuka, manila na balbu za kawaida, na mafundi wachache wa kuelekeza. Mwenye bidhaa aje nayo, apige kwa simu yake mwenyewe, akosee, arudie. Siku zote saba au nane za maonyesho zinatosha. Na baada ya maonyesho, mabanda mengi yanapokaa kimya, banda hilo liendelee hata siku moja kwa juma.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba picha nzuri ni udanganyifu. Wapo wanaodanganya, sikatai. Nimewaona wakipaka matunda mafuta. Lakini mimi sikumwomba mtu ayafanye mafuta machafu yawe safi. Mimi niliyafanya masafi yawe machafu, na huo nao ni uongo, ambao waliulipia akina mama wa watu.

Jirani yangu yule sasa hupiga picha zake mwenyewe dirishani kwake, na shuka alilotumia mara ya kwanza lilikuwa langu, bado hajalirudisha. Waandaaji wa Nane Nane wakilikubali shauri hili, mimi niko tayari kuja bandani siku zote bila malipo. Je, wanasemaje?

Mpiga Picha,
Nzuguni, Dodoma.