Tuyatunze Magoti ya Mabinti Zetu

Kila ifikapo michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA, sisi wauguzi hupokea vijana walioumia magoti. Wengi hawakugongwa na mtu. Waliruka vizuri wakatua vibaya, tena mchezo ukikaribia kwisha.

Sababu ni nini? Mtu anapotua, misuli ya mapaja na nyonga hulishika goti lisiyumbe. Misuli ikichoka, huchelewa kukaza. Goti huingia ndani, na kano iliyo katikati yake huweza kukatika. Uchovu huo huwapata wavulana na wasichana pia. Hata hivyo, katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, wasichana huumia kano hiyo mara mbili au zaidi ya wavulana. Wengi wao hutua miguu ikiwa imenyooka na magoti yakielekeana. Katika netiboli hatari ni kubwa, kwa sababu aliyedaka mpira haruhusiwi kukimbia nao. Hulazimika kusimama ghafla.

Wapo wazazi wasemao kwamba basi wasichana wasicheze. Mimi sikubaliani nao. Kosa si mchezo, kosa ni kumchezesha aliyechoka. Hapa kwetu Mpanda binti huamka alfajiri, huchota maji, hufagia na kupika, kisha hutembea hadi shuleni. Kaka yake hufika uwanjani na nguvu zake zote. Yeye hufika miguu imekwisha kuchoka. Je, hiyo ni haki?

Walimu, wafundisheni kutua kwa miguu miwili, magoti yakunjwe na yaelekee mbele kama vidole. FIFA iliandaa mwaka 2006 mazoezi ya dakika 20 ya kupasha mwili moto, ambayo hayahitaji vifaa vya gharama. Utafiti wa mwaka 2008 nchini Norway, uliohusisha wasichana 1,892, ulionyesha kuwa majeraha makubwa yalipungua karibu nusu kwa walioyafuata. Mchezaji anayeanza kuyumba atolewe, hata kama timu inashindwa.

Wazazi, siku ya mchezo gawanyeni kazi za asubuhi kati ya binti na kaka yake. Goti likivimba, msilikande kwa maji ya moto wala kulivuta. Wekeni kitambaa cha maji baridi, inueni mguu, mpelekeni hospitali. Goti hilo atalihitaji maisha yake yote, shambani na kisimani.