Kustaafia Ugenini: Je, Yafaa?



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya neno lililozuka katika mkutano wa tawi letu hapa Mafinga, nalo likatuchukua mpaka taa zikawashwa, wala halikwisha. Mwenzetu mmoja, karani wa masjala aliyetimiza miaka sitini hivi majuzi, alitusomea barua ya binti yake aliye Uingereza. Binti amwambia: "Baba, umetumika vya kutosha. Uza ulicho nacho, uje ukae nasi huku, ule raha ya uzee wako." Wengine wakapiga makofi. Wengine wakanyamaza. Mimi nilikuwa katika hao walionyamaza, na leo nasema kwa wino yale nisiyoyasema kwa mdomo.

Lakini kwanza nataka nijulikane kuwa mimi si adui wa ugeni. Watumishi wa Serikali sote tu wageni kwa kazi yetu. Mimi asili yangu ni Songea. Nililetwa Mafinga kwa barua ya uhamisho, nikadhani ni jambo la miaka miwili, na kumbe miaka ikaota mizizi. Wanangu husema Kihehe na Kibena vizuri kuliko Kingoni, na nilipostaafu sikurudi kwetu. Ndugu zangu walinung'unika, na mpaka leo wakiniandikia huuliza nitakuja lini, kama kwamba ningali safarini. Kwa hiyo asiyejua uchungu wa swali hili si mimi. Walakini kutoka Songea kuja Mafinga na kutoka Mafinga kwenda ng'ambo si safari za namna moja, ijapokuwa zote mbili huitwa kuhama.

Na katika mji huu wetu tuna mfano mbele ya macho, maana nchi hii ya Mufindi na Iringa ilikuwa zamani mahali ambapo wageni wenyewe walikuja kutafuta makazi ya maisha. Wazee waliujua mji huu kwa jina la John's Corner kabla ya kuitwa Mafinga. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na wengi wakalima nyanda hizi, wakajenga nyumba za mawe na mabomba ya moshi, wakapanda chai na miti ya matunda. Mtu aonaye nyumba kama hizo asema, hawa walikusudia kuzikwa hapa. Vita vilipotokea mwaka 1939 wakakamatwa na kutiwa kizuizini, mashamba yao yakawekwa chini ya mlinzi wa mali za adui. Simwonei huruma kila mmoja wao, kwa kuwa walikuwamo waliomshangilia Hitler waziwazi; nataka tu msomaji aone jinsi nyumba ya mgeni inavyosimama. Msingi wake hauko udongoni; uko katika mapatano ya wakubwa, na wakubwa wakigombana nyumba hutikisika.

Katika watu wa namna ile mmoja alikata shauri jingine. Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani, alikuja na mumewe kulima huku kwetu; mume akafa mwaka 1952, naye hakufunga mizigo. Mwaka 1958 akachaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, akasimama pamoja na TANU, na baada ya Uhuru akachukua uraia wa nchi hii. Yeye hakustaafia ugenini, bali aliufuta ugeni wake. Nadhani hilo ndilo swali la kumwuliza mwenzetu karani: je, waenda kukaa kwa watu, au waenda kuwa mtu wa huko? Katika umri wa miaka sitini, la pili ni gumu mno.

Na hata hilo la kwanza si rahisi kama barua ya binti inavyodhani. Tangu mwezi wa Julai 1912 + 100, yaani 2012, Uingereza imeweka masharti makali kwa wazazi wanaotaka kuwafuata watoto wao. (Naomba radhi kwa hesabu hiyo ya mzaha, ni desturi ya karani wa zamani.) Haitoshi mtoto kuwa na mshahara mzuri na chumba kitupu. Yapasa kuthibitisha ya kuwa mzazi ni mgonjwa au dhaifu kiasi cha kushindwa kujihudumia mambo ya kila siku, na ya kuwa utunzaji anaouhitaji haupatikani katika nchi yake hata kwa fedha za mtoto. Naye mtoto hutia sahihi kwamba atamlisha na kumlaza mzazi wake miaka mitano pasipo kuomba msaada wa umma. Sasa mwenzetu huyu hupanda kilima cha Sao Hill kwa baiskeli! Akienda ubalozini kusema kwamba hawezi kuvaa viatu vyake mwenyewe, ama atasema uongo, ama atarudishwa.

Njia iliyobaki ni kwenda kwa matembezi, yaani miezi sita kwa kawaida. Hiyo ni njema, na mimi naisifu. Ila asisahau ya kuwa mtembezi akilazwa hospitali ya Serikali kule hutozwa asilimia 150 ya gharama ya matibabu, na kadi yetu ya bima ya afya, ambayo mstaafu huendelea kutibiwa nayo hapa pamoja na mwenzi wake, huko ni kipande cha plastiki tu.

Nisije nikaonekana napaka rangi nyeusi kila kitu. Yako mema, na mengine ni makubwa. Mtu aliyeruhusiwa kukaa huko kwa haki hutibiwa bila kuulizwa mlangoni ana kiasi gani mfukoni. Gari la wagonjwa huja. Mwenye figo zilizokufa, ambaye hana budi kusafishwa damu mara tatu kwa juma, hapaswi kuhesabu nauli ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 550. Nilipata kuzungumza na mjane mmoja ambaye mwanawe alimchukua kwa sababu kama hiyo, naye aliniambia kwa simu: "Mjomba, nimewakosa watu, lakini ni mzima." Kwa mtu kama huyo sina ushauri isipokuwa abaki huko, na atakayemcheka kwa kuwaacha wa kwao amempungukia adabu.

Lakini wengi wetu hatuendi kwa sababu ya figo. Twaenda kwa sababu ya sifa, au kwa sababu ya kukataa kuwaudhi watoto. Na siku za mzee kule ni ndefu. Watoto hutoka alfajiri na kurudi usiku. Mjukuu humjibu babu kwa lugha ya shule. Jirani hupita akiinamisha kichwa. Hapa Mafinga nikitoka nyumbani mpaka sokoni napokea shikamoo thelathini kabla sijafika penye viazi. Mtu asifanye mzaha na jambo hili. Karani ambaye kwa miaka thelathini watu walisimama mbele ya meza yake, akikaa mahali ambapo hakuna ajuaye jina lake, huanza kuzeeka kwa mwaka mmoja kama kwa miaka kumi.

Sasa niseme juu ya upande wa pili, ambao katika mkutano hatukuugusa, nao ndio ulionifanya nishike kalamu. Wako wa kwetu waliokwenda ujanani, wakatumika huko, na sasa wataka kurudi kustaafia nyumbani. Rafiki yangu mmoja, muuguzi, aliondoka zamani akafanya kazi katika hospitali za Uingereza mpaka akastahili pensheni kamili ya Serikali yao, ambayo kwa kanuni mpya za mwaka 2016 yadai michango ya miaka 35. Alirudi Mafinga mwaka huo huo wa 2016, wakati pensheni hiyo ilipokuwa pauni 155.65 kwa juma. Wenzake waliobaki kule wameongezewa mwaka hata mwaka. Mwaka 2025 ilifika pauni 230.25. Yeye angali na zile 155.65. Sababu yake ni kwamba Uingereza huongeza pensheni za walio katika nchi za Ulaya na katika nchi chache ilizoagana nazo, na Tanzania haimo. Tofauti ya mwaka huo ilikuwa pauni 74.60 kwa juma, zaidi ya pauni 3,800 kwa mwaka. Hakuna aliyemwibia, ni kanuni, na imeandikwa. Lakini hakuna aliyemwambia pia, naye hakuuliza.

Na hilo halikuwa baya kuliko yote. Alipokuwa huko alichukua uraia wa Uingereza, kwa kuwa kazi na safari zilimlazimu. Sheria yetu ya Uraia ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Achukuapo wa pili, wa kwetu humtoka. Wakenya waliliruhusu jambo hili katika Katiba yao ya 2010, na Waganda walitangulia, sisi bado. Tena Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi ardhi asiye raia isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa hiyo fedha zake zote alizokuwa akizituma za kununua eka za kupanda misindano, kila hati iliandikwa kwa jina la ndugu yake. Ndugu alikuwa mwaminifu, tena mwaminifu sana. Lakini amekufa. Watoto wake wana hati mkononi yenye jina la baba yao, miti imefika umri wa kupasuliwa mbao, na shangazi yao ni mgeni mwenye kibali cha kukaa. Wamlaumu nani? Wao wasema, baba alituachia. Yeye asema, nilimpa anitunzie. Wote wawili husema kweli kama wanavyoijua.

Serikali imeleta mpango wa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine, na huenda ukawafaa walio nyuma yake. Ila hadhi si uraia, na kesi ya miti haingoji.

Wasomaji wa Mufindi hawahitaji kuambiwa msitu ni nini kwa mstaafu. Huku watu hawasemi "nimeweka akiba benki", husema "nimepanda". Msindano wataka miaka kumi na mitano hata ishirini na zaidi, wataka kupogolewa, na kila mwaka wakati wa kiangazi wataka mtu wa kulala karibu nao kwa sababu ya moto. Aliye ng'ambo hulinda msitu wake kwa simu, na moto hausikii simu.

Kuna aliyesema mkutanoni kwamba pensheni ni pensheni, popote mtu alipo hulipwa. Ndugu huyo hakusoma historia ya utumishi. Mwaka 1968 Serikali yetu ilikataa kuendelea kulipa pensheni za maofisa Waingereza kwa kazi waliyoifanya zamani za ukoloni, Uingereza nayo ikakata msaada wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watu wa reli, posta, bandari na ndege walikaa miaka na miaka wakidai haki zao. Katika miaka ya 2000 wazee wale walikuwa bado wakienda mahakamani Dar es Salaam kwa fimbo. Na wetu wa leo tumeona mifuko ikiunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, na ugomvi wa kikokotoo cha asilimia 25 uliofuata, mpaka kikapandishwa kuwa 33 mwaka 2022. Aliyekuwa hapa alipiga kelele pamoja na chama chake. Aliyekuwa mbali alisoma gazetini.

Hata wakubwa ugenini huwachosha. Sultani Jamshid aliondoshwa Unguja Januari 1964, akakaa Southsea, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, zaidi ya miaka hamsini. Omani, nchi ya asili ya ukoo wake, ilimruhusu kuingia mwaka 2020, akafa huko Desemba 2024. Sisemi lolote juu ya utawala wake. Nasema tu kwamba mzee wa miaka tisini alipopewa ruhusa hakukaa kando ya bahari ile aliyoizoea kwa nusu karne. Alifunga mizigo akaenda kwa watu wasemao salamu zake.

Basi kwa mwenzetu karani shauri langu ni hili: aende kwa matembezi, miezi mitatu, minne, wajukuu wapate kuujua uso wake, nyumba asiuze, wala shamba. Binti akikasirika, kasirani ya mtoto ina dawa. Na akiugua ugonjwa usiotibika kwetu, basi lile neno la masharti makali litakuwa limejibiwa, na tutamsindikiza sisi wenyewe mpaka kituo cha mabasi.

Na kwa Halmashauri ya tawi nina ombi moja. Wako wanachama wengi hapa wanaotunza viwanja na misitu ya ndugu walio nje, mimi nikiwa mmojawapo; ninazo eka nne za mpwa wangu zilizo katika jina langu, na mpaka usiku wa mkutano ule sikuwahi kuliandika jambo hilo mahali popote. Naomba Katibu aliweke katika shughuli za mkutano ujao, tumwite wakili atuonyeshe namna ya kuandika maafikiano hayo mbele ya mashahidi, kila mtu aje na hati zake na jina la mwenye mali. Mimi nitakuja na za mpwa wangu.

Ni mimi,
Karani Mstaafu,
Mafinga.